Mtoto haongei? Jaribu kunyamaza kidogo

Mwanangu wa pili alifika mwaka na miezi 8 ana maneno mawili tu, "mama" na "tata", na hiyo tata alikuwa anaita kila mtu mpaka mbuzi. Hapa Moshi kila jirani alikuwa na lake, huyu anasema mtoto ana udata, kile kingozi kinachoshika ulimi kwa chini, akatwe, yule anasema mnamchanganya na Kichaga. Mi nikitoka dukani jioni ni kumkomalia, sema maji, sema maji, sema basi! Anageuza shingo zake anarudi kwenye katuni.

Likizo tukapanda nae Marangu kwa mama mkwe, TV hamna. Bibi hakumwambia sema hata siku moja. Anaosha ndizi kwenye beseni huku anamwongelesha, huu mringa (maji kwa Kichaga) wa baridi eeh, mringa umekumwagikia, halafu ananyamaza anamwangalia usoni, kimya kirefu mpaka mi naona aibu. Siku ya nne hivi mtoto akapiga beseni, "ninga!" Bibi akamjibu, eeh mringa, unataka mringa? Hakumcheka wala kumrekebisha.

Hicho kimya ndo nilikuwa nakosea. Nilikuwa nauliza najibu mwenyewe, sa mtoto zamu yake ataipata wapi? Na uongelee anachokiangalia yeye, kama macho yake yapo kwa kuku basi ongelea kuku, akisema "kuku" we ongezea "kuku anakula", inatosha. Dada wa kazi nae mweleweshe maana ndo anaeshinda nae.

Katuni nilizima. Shirika la Afya Duniani walishasema 2019, mtoto wa chini ya miaka 2 haishauriwi kabisa kumkalisha mbele ya skrini, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Kichaga hakina kosa, lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, ukihesabu maneno yake hesabu ya lugha zote.

Ila kama haitiki ukimwita, au miezi 18 hana neno hata moja, au miaka 2 haungi maneno mawili, au alikuwa anaongea akaacha, usikae kusikiliza majirani, wahi hospitali wampime masikio kwanza. Sisi tulienda, masikio mazima, na huo udata daktari akaangalia mdomoni hakuuona.

Maji bado anaita ninga, na dada ambae ni Msukuma nae siku hizi anaita ninga.