Maswali na Majibu: Mungu Asiyetajwa katika Kitabu cha Esta

SWALI: Nimekisoma Kitabu cha Esta mara kadhaa bila kuliona jina la Mungu, lakini rafiki yangu Mkatoliki amenionyesha sala ndefu zilizomo katika Biblia yake. Nani kati yetu yuko sahihi? Na Wayahudi humtambuaje Mungu asiyetajwa? Nauliza kwa sababu niliwahi kuachwa na basi la alfajiri, na basi hilo likapinduka njiani, watu wakaumia. Tangu hapo kila jambo dogo linalonipata nalichukulia kuwa ishara.

JIBU: Ndugu msomaji, nyote wawili mko sahihi, kwani mnasoma matini mbili tofauti. Esta ya Kiebrania, ambayo Wayahudi huisoma katika sikukuu ya Purimu, haimtaji Mungu waziwazi hata mara moja. Tafsiri ya kale ya Kigiriki iliongeza sala za malkia Esta na za Mordekai, Myahudi aliyemlea, na nyongeza hizo ndizo zilizoingia katika Biblia za Kikatoliki. Linganisha mwanzo wa sura ya 6: Kiebrania chasema tu kwamba usiku ule mfalme alikosa usingizi, ilhali Kigiriki chasema kwamba Bwana ndiye aliyemwondolea usingizi huo. Mfasiri yule aliielewa hadithi vizuri, lakini kwa maoni yangu alimnyang'anya msomaji kazi yake. Mfalme hana usingizi, anaagiza asomewe kitabu cha kumbukumbu, panasomwa mahali palipoandikwa kwamba Mordekai aliwafichua matowashi wawili waliotaka kumwua mfalme, na papo hapo Hamani, waziri aliyekusudia kuwaangamiza Wayahudi, anaingia uani kuomba kibali cha kumtundika Mordekai huyohuyo. Kila tukio lina sababu yake ya kawaida. Ni kwa kuyatazama yote pamoja, tena baada ya kupita, ndipo msomaji wa Kiyahudi anapouona mkono usiotajwa.

Aliyeifafanua hoja hii kwa nguvu zaidi ni Rabi Moshe ben Nachman, mzaliwa wa Girona nchini Hispania (1194–1270). Akifafanua Kutoka 13:16, anasema kwamba miujiza mikubwa ya hadharani, kama ile ya Misri, ilikuja ili mtu aikiri miujiza iliyofichika, na kwamba hiyo iliyofichika ndiyo msingi wa Torati yote. Si kila mwalimu aliyekwenda umbali huo. Maimonides, mwanafalsafa na mwanasheria wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, aliandika kwamba Mungu humwangalia kila mwanadamu mmoja mmoja, lakini jani linaloanguka au buibui anayemkamata nzi ni mambo ya nasibu tu. Wafuasi wa Baal Shem Tov, mwasisi wa vuguvugu la Wahasidi katika karne ya 18, walishikilia kinyume chake: hata jani haliangushwi na upepo pasipo kukusudiwa. Mjadala huo haujafungwa.

Katika maisha ya kila siku, hata hivyo, Myahudi hangoji mjadala uishe, kwa maana utambuzi umewekwa kwenye baraka zinazotamkwa, ambazo Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho na mijadala ya marabi, kwa jina la Rabi Meir, inataka zifikie 100 kwa siku. Inayonigusa kuliko zote ni ile inayosemwa mtu anapotoka chooni na kunawa mikono. Humo Mungu anasifiwa kwa kumuumba mtu kwa hekima, mwenye matundu na mianya ambayo mmoja wake ukizibuka au ukiziba isivyopasa, mtu hawezi kuendelea kuishi. Waliowahi kumuuguza mgonjwa aliyezibwa mkojo hawatashangaa kwamba jambo hilo lina baraka yake.

Kuhusu ishara, jihadhari sana. Walawi 19:26 inakataza kuagulia, na marabi wa Talmudi walitoa mifano halisi: mtu aliyedondokwa na mkate mdomoni, au fimbo mkononi, akaona kuwa ni mkosi, basi ameingia katika katazo hilo. Kuona kwamba jambo lililopita halikuwa la bure ni imani. Kulitumia tukio dogo la leo kupigia ramli safari ya kesho ni uaguzi. Ukiachwa na basi tena, umeachwa na basi. Kata tiketi nyingine usafiri.

Kwa kunusurika kwako, shukuru bila kusita, lakini usivuke hapo ukadai kujua kwa nini wenzako walipanda. Sheria ya Kiyahudi ina msimamo mkali katika jambo hili. Marafiki wa Ayubu walimweleza mgonjwa sababu ya mateso yake, na Mungu aliwakemea. Talmudi nayo inahesabu maneno ya namna hiyo, yakiambiwa aliyefikwa na msiba, kuwa dhuluma ya ulimi iliyokatazwa sawa na dhuluma ya mali. Kwa hiyo ukikutana na mmoja wa majeruhi wa basi lile, mpe pole na umuulize hali, na habari ya kuachwa kwako usimsimulie kama ushuhuda.