Ramani za Kidijitali: Usisubiri Leseni, Anza Leo

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: “Kaka, nataka kujifunza ramani za kidijitali, lakini kila ninayemuuliza ananiambia nitafute kwanza leseni ya programu ya bei mbaya.” Ujumbe huo umenigusa penye kidonda. Mimi pia niliambiwa hivyohivyo nilipokuwa naanza, tena na mtu aliyekuwa na uwezo wa kunifundisha. Leo watu wanapanga kazi zao kwa ramani zangu, na zote nimezitengeneza kwa QGIS, programu ya bure iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002.

Basi pakua QGIS. Data ipo: OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, itakupa barabara, mito na majengo. Picha za setilaiti za Sentinel-2, zinazoonyesha ardhi kwa ubora wa hadi mita 10 kwa kila nukta ya picha, nazo ni bure.

Kazi yenyewe iko kwenye majiranukta, yaani namba zinazosema kitu kiko wapi duniani. Niliwahi kutumiwa jedwali la visima nilitandaze juu ya mipaka ya vijiji. Mipaka ikaonekana, visima havipo. Nikabofya kulia kwenye tabaka la visima (kila data unayoingiza hukaa kwenye ramani kama tabaka lake), nikaiambia programu inipeleke vilipo: vimejikusanya mbali kabisa na vijiji. Aliyeniletea jedwali alikuwa ameweka latitudo kwenye X na longitudo kwenye Y. Wengi hukosea hapo kwa sababu tumezoea kuitaja latitudo kwanza, wakati QGIS inataka longitudo ndiyo iwe X. Nikabadilisha zile safu mbili, kila kisima kikakaa kijijini kwake. Siku hiyo nilijua kazi hii naiweza.

Vijana, acheni kukimbilia rangi! Tabaka likifika, angalia kwanza mfumo wake wa majiranukta. Ukipokea shapefile, yaani data ya ramani inayokuja kwa mafaili kadhaa, hakikisha .shp, .shx, .dbf na .prj zimekuja pamoja, maana ni ile .prj inayosema namba zimo katika mfumo gani. Na ukitaka kupima eneo la shamba, hamisha data kutoka mfumo wa WGS 84, unaohesabu kwa digrii, uipeleke kwenye mfumo wa UTM unaohesabu kwa mita. UTM imeigawa dunia kanda 60, kwa hiyo chagua kanda yako. Angalia mfumo. Narudia: angalia mfumo kabla ya rangi.

Halafu chagua jambo linalokuuma, liwe maji, shule au mafuriko, ukusanye pointi zake kwa simu yako mwenyewe. Data ya mazoezi ya watu wengine itakuchosha mapema.