Anahema kwa kasi baada ya sindano ya ganzi: tumpe oksijeni au mfuko wa karatasi?

Swali: Muda mfupi baada ya kumchoma ganzi ya jino, mgonjwa wetu alianza kuhema mara 30 kwa dakika, vidole vikamkakamaa, akalia kwamba anakosa hewa. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kilisoma 99%. Mmoja wetu alitaka kumwekea oksijeni, mwingine apumulie ndani ya mfuko wa karatasi. Nani alikuwa sahihi?

Jibu: Hakuna aliyekuwa sahihi. Kwa 99%, oksijeni haijampungukia. Anachopoteza ni kabonidioksidi, anayoitoa kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikishuka, damu inaelekea ualkali na kalsiamu huru inapungua. Ndipo midomo inachomachoma na mkono unakakamaa, kidole gumba kikijikunja kiganjani huku vingine vimenyooka na kubanana. Mishipa ya ubongo nayo husinyaa, kizunguzungu kinamzidishia hofu, na hofu inamzidishia kuhema.

Ila usiseme "ni hofu tu" kabla ya kumkagua, maana 99% peke yake haiondoi mzio wala pumu iliyoanza. Tazama ngozi, midomo na ulimi, sikiliza kifua, pima mapigo na presha. Vipele, uvimbe na presha kushuka ni mzio mkali: adrenalini mg 0.5 (ml 0.5 ya 1:1000) kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje, na gari la wagonjwa liitwe. Kifua kikipiga filimbi, mpe salbutamoli, dawa ya pumu ya kuvuta. Aliyepauka na mapigo yake ni ya polepole anazimia, huyo mlaze. Ganzi ya sindano hushika upande uliochomwa. Ikizunguka mdomo wote pamoja na masikio kuvuma, ladha ya chuma na ulimi mzito, fikiria dawa imeingia kwenye damu kupita kiasi.

Ukiridhika ni hofu, acha kazi, toa pamba na kila kifaa mdomoni, inua kiti akae wima. Mtu mmoja tu aongee naye. Kumwambia "tulia" hakusaidii. Hesabu pamoja naye, avute kwa pua sekunde 4, atoe taratibu kwa 6. Akishindwa, anzeni na 2 kwa 3 kisha mrefushe. Mfuko uacheni kabisa: kama mmekosea na shida ni mapafu au moyo, unamnyima oksijeni anayoihitaji.

Kipimo kikishuka chini ya 94%, au dakika 15 zikipita bila nafuu, mpe oksijeni na uite msaada. Akipoa, asiondoke mpaka vidole vilegee. Andika kwenye faili kiasi cha ganzi na vipimo vyote. Safari ijayo, sindano ikishaingia, vuta kwanza bomba lake nyuma kuona kama damu inaingia, kisha ingiza dawa ml 1 kwa dakika.