Maswali ya Wasomaji: Kutembea Nairobi kwa Miguu

SWALI: Kaunti tano zilipofungwa kwa ajili ya korona tarehe 26 Machi 2021, sikuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani mashambani. Nataka kutumia Jumapili kutazama sanamu na majengo ya kale ya jiji. Nianzie wapi na nitumie muda gani?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Uwe umefika Moi Avenue saa moja asubuhi. Jumapili saa hiyo magari ni machache. Njia yote ni kama kilomita mbili. Kwa anayesoma maandishi na kupiga picha, tenga saa mbili.

Anzia jengo la Nyaraka za Taifa, lililojengwa 1906 likiwa benki. Jumapili milango hufungwa, lakini nguzo zake utaziona vizuri ukiwa nje. Karibu nalo ni sanamu ya waziri Tom Mboya, akiwa amezungukwa na ndege aina ya heroe. Alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 hatua chache kutoka hapo, wakati barabara hii ikiitwa Government Road.

Shika Mama Ngina Street hadi Kimathi Street. Hapo, katika sanamu yake, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ameshika bunduki mkono wa kulia na jambia mkono wa kushoto. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sanamu ikazinduliwa tarehe hiyo hiyo mwaka 2007. Hapa ndipo picha nyingi huharibika. Shaba ni nyeusi, anga ni jeupe, na simu hupima mwanga wa anga, basi uso unatoka kama kivuli. Sogea hadi nyuma ya kichwa kuwe na ukuta wa jengo, gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwanga kidogo. Usingoje saa sita, maana saa hiyo jua huwa karibu utosini na macho ya sanamu huzama gizani.

Panda Kimathi Street hadi Kenyatta Avenue, kwenye mnara wa Askari, halafu uingie Wabera Street. Mwisho wake utakutana na Maktaba ya McMillan ya 1931 na simba wake wawili mlangoni, jirani na Msikiti wa Jamia. Rudi Kenyatta Avenue uelekee magharibi hadi Kipande House ya 1913. Jina linatokana na kipande, cheti chenye alama za vidole ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Simama hapo kidogo, hata kama ni benki tu siku hizi. Maliza Nairobi Gallery, kona ya Uhuru Highway. Ilikuwa ofisi ya mkoa, na hapo ndipo palipohesabiwa kilomita sifuri ya barabara za nchi.

Beba maji, mwavuli wa masika na sarafu za choo. Usielekeze kamera Bungeni, wala kwa walinzi wa benki. Simu haisumbui watu, ila kamera ya miguu mitatu huleta maswali ya kibali.

SWALI: Nimeona picha ya mnara wa Askari wa Nairobi. Mbona unafanana na wetu wa Samora Avenue? Na maandishi yake yanasomekaje?
Msomaji, Kariakoo, Dar es Salaam

JIBU: Mchongaji ni mmoja, James Alexander Stevenson. Wenu ulisimamishwa 1927, askari mmoja na bunduki yake. Wa Nairobi una watu watatu, na wa kumtazama kwa makini ni mpagazi. Wapagazi ndio waliobeba chakula na risasi katika vita vya 1914 hadi 1918, na kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina la Kariakoo kwenu na Kariokor kwetu.

Maandishi yako kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Yakififia, usipake chaki wala kusugua: unga huingia kwenye vinyweleo vya jiwe na kusugua hula kingo za herufi. Washa tochi ya simu, iweke ubavuni karibu kabisa na jiwe, mwanga upite juu ya maandishi kwa mshazari. Kila herufi itatupa kivuli chake na utaisoma hata iliyochakaa.

SWALI: Wanangu hawajali sanamu. Kuna sanaa gani ya nje watakayoipenda?
Mzazi, Buruburu

JIBU: Michoro ya matatu, magari ya abiria. Sheria za 2004 zilifuta michoro na kuleta mstari wa manjano. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaitetea sanaa hiyo hadharani, rangi zikarudi. Wapeleke kituo cha Railways mchana, msimame ng'ambo ya barabara, mtazame matatu za Rongai zikiingia. Waambie wachague gari moja na kulichunguza: sura imepakwa kwa bomba la rangi au ni stika iliyobandikwa? Stika huinuka kingo na hukatika kwenye maungo ya mlango. Rangi hupita juu ya maungo hayo bila kukatika. Msikaribie foleni ya abiria, kwa kuwa watu husongamana kungoja.