Wasomaji Wauliza: Alfajiri Juu ya Nyiragongo

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zina hamu moja: kuwa karibu na volkano jua linapochomoza, hasa Nyiragongo, ulio kaskazini ya mji wetu wa Goma, Kongo. Tumechagua sita. Waliouliza kuhusu viatu watapata jibu lao ndani ya jibu la kwanza.

Sisi ni vijana wanane wa mtaa wa Katindo. Tunataka kuondoka Kibati, njia ya kupanda inapoanzia, saa nane ya usiku, tupande Nyiragongo kwa tochi, tuone jua likitoka na mchana tuwe tumerudi mjini. Milima mingine watu wanaipanda hivyo. Inawezekana?

Hapana, vijana wetu. Na kabla ya kuzungumzia saa, tuzungumzie mlango. Kupanda kulisimamishwa baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, kisha vita ikafuata. Msipange tarehe wala kukusanya michango mpaka Parki ya Virunga, hifadhi inayosimamia mlima huu, yenyewe itangaze kwamba njia ya Kibati imefunguliwa. Siku hiyo ikifika, ulizeni mambo mawili, kwa kuwa moja halijibu jingine: usalama wa barabara, na rangi ya tahadhari ya mlima inayotolewa na kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG. Rangi ni nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Mtu akiwaambia kwamba anajua njia ya pembeni, mkatalieni palepale. Msitu uliopiganiwa unaweza kuficha mabomu ambayo hayajalipuka, na mguu ukivunjika huko hakuna mlinzi mwenye redio wa kuita msaada.

Sasa saa. Kibati iko kwenye mita 1,900 hivi, ukingo wa kreta uko mita 3,470. Mnapanda zaidi ya mita 1,500. Mwenye afya nzuri hupanda mita 300 kwa saa bila kuhema ovyo, kwa hiyo hesabuni masaa 5, na 6 mkiweka mapumziko. Mwanzo ni msitu, baadaye mnaingia kwenye mawe ya lava, na hayo ndiyo yanayoangusha watu: hayakushikana, yanazunguka chini ya kiatu, na ncha zake zinakata kama chupa iliyovunjika. Ukipita Shaheru, ile kreta ya zamani iliyo ubavuni, mlima unazidi kusimama, na sehemu ya mwisho wengi huipanda kwa mikono na miguu. Fanyeni hayo gizani, mkiwa na usingizi, na mtu mmoja tu akiteguka kifundo safari ya wote wanane imekwisha.

Mpango unaofaa ni wa siku mbili. Ondokeni Kibati kufikia saa nne ya asubuhi, mfike juu kabla ya saa kumi alasiri, maana mvua na radi hupenda mchana na jioni. Mnalala kwenye vibanda vya ukingoni, na alfajiri inawakuta mko tayari juu. Saa moja ya asubuhi mnaanza kushuka, saa tano mko Kibati. Mkubaliane kabisa mkiwa bado mjini: ikifika saa nane mchana na hamjamaliza nusu ya njia, mnarudi, hata kama mmoja wenu anasema zimebaki hatua chache. Mwenye mwendo wa polepole atembee mbele, nyuma tu ya kiongozi. Mmoja wenu apewe kazi ya kuhesabu watu kila mnaposimama.

Viatu: soli ngumu, shingo inayofunika kifundo, na viwe vimeshavaliwa kwa majuma kadhaa. Buti za mpira hazipitishi maji lakini hazishiki kifundo. Glovu za kazi, hata zile za shambani, zitaokoa viganja vyenu. Kushuka ndiko kunakochosha magoti zaidi, kwa hiyo kila mtu awe na fimbo.

Mimi ni mwalimu wa mtaa wa Ndosho. Ni mwezi gani mzuri, na jua linatokea upande gani hasa? Je, lava itaonekana?

Mwalimu, tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saa za jua hazihami sana. Mwanzoni mwa Novemba linachomoza kama saa kumi na moja na dakika 43. Katikati ya Februari ni karibu saa kumi na mbili na robo. Mwanga wa kuonea mawe bila tochi hutangulia kwa dakika 20 hivi.

Lakini hizo ni saa za mahali pasipo na kizuizi, na mashariki ya Nyiragongo kuna vizuizi viwili vikubwa. Karisimbi, mita 4,507, iko karibu mashariki kamili. Mikeno, mita 4,437, iko kaskazini kidogo ya hapo. Kila mmoja uko umbali wa kilomita 20 hivi na unaipita Nyiragongo kwa mita 1,000 au karibu. Mwezi wa Machi na wa Septemba jua hutokea nyuma ya Karisimbi, kwa hiyo ongeza kama dakika 10 kwenye saa ya kalenda. Katikati ya Mei na mwishoni mwa Julai hutokea upande wa Mikeno. Desemba linasogea kusini, juu ya vilima vya Rwanda, na hapo halicheleweshwi sana. Wanafunzi wako wanaweza kulipima hili wenyewe kwa dira na ramani kabla ya safari, na litakuwa somo zuri.

Juni hadi Agosti ni kiangazi, njia haitelezi. Kasoro yake ni moshi na vumbi, ambavyo hufifisha milima ya mbali. Januari na Februari huwa na vipindi vya ukavu pia, na asubuhi inayofuata mvua ya usiku ndiyo yenye hewa safi kuliko zote. Ukitaka picha ya Karisimbi iliyo wazi, tungechagua hiyo.

Kuhusu lava: ziwa la lava lililojulikana duniani kote lilimwagika Mei 2021, na kinachoonekana ndani ya kreta hubadilika. Uliza OVG au parki wakati wa kupanga, usitegemee picha za zamani. Kama wekundu upo, usisubiri jua. Mwanga wa mchana huumeza. Amka saa tisa ya usiku, vaa kila ulicho nacho, na ukae chini mbali na ukingo, maana ukuta wa ndani ni wa wima na kingo zake humeguka. Ukungu ukijaza kreta usirudi kulala mara moja. Mara nyingi hufunguka kwa dakika chache, ukafunga tena.

Mtoto wangu wa miaka 17 ana pumu. Maski za hospitali zinazouzwa sokoni zitamtosha? (Mama wa Himbi)

Mama, hazitamtosha. Maski ya hospitali huzuia majivu kwa kiasi, gesi hupita. Gesi inayosumbua ukingoni ni salfa dioksidi. Harufu yake ni ile ya kibiriti kilichowashwa sasa hivi, na kwa mwenye pumu kiasi kidogo tu kinaweza kubana kifua. Kinachoizuia ni maski ya mpira inayoshika uso vizuri, yenye kichujio cha herufi E na mstari wa manjano, au kile cha ABEK chenye rangi kadhaa. Ndevu huvunja mshiko huo. Kichujio kilichokaa wazi kwa miezi hakifai tena, hata kikionekana kipya.

Hata hivyo, sisi tungemshauri asipande. Upepo wa juu unaweza kugeuka usiku, na kituo cha afya kiko masaa mengi chini. Kwa wenzake wasio na pumu: moshi ukiwajia, wasikimbie mbele yake. Wakate upepo kwa ubavu na kushuka kuelekea vibandani. Wanaovaa lenzi machoni wavae miwani.

Na kichwa kikiuma sana, mtu akitapika au kuyumba kama mlevi, huo ni ugonjwa wa mwinuko. Ateremshwe usiku huohuo na kiongozi, asisubirishwe jua. Wageni wanaotoka Kinshasa au pwani wapumzike Goma siku mbili kwanza, maana sisi tayari tunaishi karibu mita 1,500 na wao hawajazoea.

Tubebe chakula gani na maji kiasi gani? Je, kuna baridi kweli?

Juu hakuna chemchemi. Beba lita 4 hadi 5 kwa kila mtu. Hizo ni kilo 4 hadi 5, na kama mgongo hauziwezi, lipa mbebaji badala ya kupunguza maji. Maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi pale juu, kwa hiyo maharagwe hayaivi na mchele unabaki na kiini. Pika nyumbani: viazi vya kuchemsha, mayai, chikwange (mkate wa muhogo), sambaza (samaki wadogo wa ziwani) zilizokaangwa kavu, karanga, ndizi. Chai itie kwenye chupa ya moto.

Baridi ipo, na hushuka hadi karibu na nyuzi sifuri. Inayoua ni baridi ya nguo zilizoloa jasho. Weka seti moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki, usiiguse mpaka ufike, kisha ubadilishe yote hadi soksi. Begi la kulalia, kofia ya sufu, koti la mvua. Simu ilale nawe ndani ya koti, betri hupoteza nguvu haraka kwenye ubaridi.

Jambo moja tunalisisitiza kwa moyo wote: usiingize mbabula ya makala, yaani jiko la makaa, kibandani. Kibanda ni kidogo, hewa haizunguki, na kaboni monoksidi haina harufu. Watu hulala wakiota moto na hawaamki.

Kama mlima umefungwa, tunataka kupiga hema kando ya ziwa Kivu, upande wa Keshero au Bulengo, tuone Nyiragongo ikipambazuka. Familia ya watu sita, watoto watatu. Kuna hatari?

Ipo, na iko kwenye saa hiyohiyo mnayoitaka. Ni mazuku. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Sake, ardhi inatoa kaboni dioksidi kupitia nyufa za lava ya zamani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, kwa hiyo inatiririka na kujikusanya kwenye mabonde na mashimo. Mchana upepo na joto la jua huitawanya. Usiku uliotulia hujaa taratibu, na kabla tu ya jua kuchomoza ndipo inapokuwa nyingi zaidi. Haina rangi. Mtoto anaathirika kabla ya mtu mzima kwa sababu pua yake iko chini, na aliyelala hemani yuko chini kuliko wote.

Kwa hiyo msilale katika bonde, shimo, karibu na ufa wala mahali palipozungukwa na kuta za lava, hata kama panawakinga upepo. Upepo ndio mnaouhitaji. Tembeleeni mahali hapo mchana na wenyeji wake. Wao wanajua mashimo yote. Mkiona panzi, mijusi au ndege waliokufa bila jeraha, ondokeni. Msipime kwa kibiriti: hewa yenye asilimia 10 ya gesi hiyo inaweza kumzimisha mtu huku moto bado unawaka. Maski yenye kichujio haisaidii chochote hapa.

Mtu akianguka ndani ya shimo, usiiname kumwinua. Anayeinama kuokoa mwenzake anaweza kufa naye. Piga kelele, vuta kwa kamba au mti mrefu ukiwa juu, na ukimtoa mpeleke penye upepo.

Ushauri wetu kwa familia yenu: laleni nyumbani, mwende saa kumi na moja ya asubuhi kwenye ghorofa au kilima kilicho wazi. Nyiragongo itakuwa kaskazini, jua mkono wenu wa kulia, na mwanga utapiga ubavu wa mashariki wa mlima kwanza. Kisiwa cha Tchegera, kinachosimamiwa na parki, kinaonyesha Nyiragongo na volkano jirani ya Nyamulagira pamoja. Ulizeni kama kinapokea wageni.

Naenda Arusha kwa biashara mwaka ujao. Nimesikia Tanzania kuna volkano inayopandwa usiku. (Msomaji wa Birere)

Ni Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, karibu na ziwa Natron. Huko kuanza usiku ni sawa kwa sababu mteremko hauna msitu, bonde lina joto kali mchana, na hakuna vibanda juu. Watu huondoka karibu na saa sita ya usiku, wakiwa na kiongozi wa kijiji cha Engare Sero, na hupanda kwa masaa 5 au 6. Kumbuka saa za Tanzania ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Jua hutoka karibu saa kumi na mbili na nusu, saa zao. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa unatoka Kongo.

Majivu yake ni laini, unapiga hatua mbili unateleza moja, na kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Lava yake haifanani na yetu. Ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya ile ya Nyiragongo, kwa hiyo jua likishatoka inaonekana kama tope jeusi na si moto. Ikipoa na kupata unyevu hugeuka nyeupe. Usikanyage iliyo nyeusi, na hata penye weupe fuata nyayo za kiongozi, kwa sababu ganda linaweza kuwa jembamba na chini yake kuna joto la kuyeyusha soli.