Bustani kwanza, meli baadaye: majibu ya barua zenu

Barua za mara hii karibu zote zinaimba wimbo mmoja: familia inataka kupanda meli ya kitalii na pia kuingia bustani za burudani za Florida, kwa likizo ileile. Wazo si baya. Bandari ya Port Canaveral iko kama kilomita 100 kutoka Walt Disney World, kundi la bustani za Disney karibu na Orlando, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, kwa hiyo jiografia iko upande wenu. Tatizo mara nyingi ni ratiba. Wale mlioniuliza "itagharimu shilingi ngapi?" bila kutaja mwezi, idadi ya watu wala umri wa watoto, nimeziweka barua zenu pembeni. Hata fundi cherehani hupima kwanza ndipo ataje bei.

Tuna siku tisa, watoto wana miaka 6 na 9. Tuanze na meli au bustani? – Mama wa wawili

Bustani kwanza. Nimeshaliandika hili mara nyingi na nitaliandika tena.

Siku moja ndani ya bustani kubwa ni kutembea kilomita kumi na zaidi, juani, huku nusu ya muda mko kwenye foleni na mtoto anauliza bado kiasi gani. Ni raha, lakini ni raha ya kazi. Kwenye meli chakula kiko ghorofa mbili juu, watoto wana klabu yao, na wewe unaweza kulala saa 8 mchana bila kuaga mtu. Sasa niambie, uchovu unautanguliza au unaumalizia?

Wanaotanguliza meli husema wanataka kumaliza kwa kishindo. Nami niliwahi kutaka kishindo hicho. Tulishuka melini kabla ya saa 3 asubuhi, tukakimbilia Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney, na tiketi za siku ileile, maana niliona aibu kupoteza siku. Ilipofika saa 9 alasiri mdogo wetu alikuwa amelala begani kwangu mdomo wazi, aisikrimu yake inanitiririka mgongoni, na mama yake ameshika reli ya uzio kwa mikono miwili kwa sababu ardhi ilikuwa bado inamyumbia kama sitaha. Hiyo hutokea, ukitoka baharini mwili huchelewa kuamini kwamba umefika nchi kavu. Tiketi nne za siku nzima ziliishia kwenye benchi.

Kwa siku zako tisa ningepanga hivi. Ya kwanza ni kufika na kulala. Ya pili na ya tatu ni bustani. Ya nne msifanye kitu, bwawa la hoteli linatosha. Ya tano hamieni pwani, Cape Canaveral au Cocoa Beach, na njiani mpite Kennedy Space Center, kituo cha kurushia roketi, ambako mtoto wa miaka 9 atakaa akitazama roketi halisi ya Saturn V hadi mumvute mkono. Ya sita mnapanda meli ya usiku tatu, na ya tisa asubuhi mnashuka. Ndege ya kurudi isiwe kabla ya saa 7 mchana.

Najua utasema bustani mbili tu ni chache. Disney pekee wana nne: Magic Kingdom ya 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998, juu ya ardhi ya karibu kilomita 100 za mraba. Universal, washindani wao wa hapohapo Orlando, nao wamefungua Epic Universe mwezi Mei 2025. Hutazimaliza, dada. Hata wenyeji hawajazimaliza. Chagua mbili, uzione vizuri.

Je, tunaweza kuingia bustani asubuhi na kupanda meli alasiri ya siku hiyohiyo? – Mwenye haraka

Hapana.

Nifafanulie basi, kwa nini watu wengi wanasema tufike siku moja kabla? Ndege yetu inatua saa 4 asubuhi na meli inaondoka saa 10 jioni. – Baba wa watatu

Kwa sababu saa 10 jioni ni saa ya meli kuondoka, si saa ya wewe kufika. Orodha ya abiria lazima iwe imeshafika kwa maafisa wa mpaka wa Marekani dakika 60 kabla ya kung'oa nanga, na kampuni hufunga mlango wao kabla ya hapo. Jina lisilokuwemo halipandi, hata kama unaiona meli kwa macho. Toa muda wa kusubiri mabegi, toa foleni ya uhamiaji, toa barabara ya kulipia ya 528, inayotoka Orlando hadi bandarini, ambayo siku ya kurusha roketi hujaa magari ya watazamaji. Unabaki na nini? Ndege ikichelewa saa tatu tu, likizo ya watu watano imekwenda na maji. Hoteli ya usiku mmoja ni ada ndogo.

Na usijipe moyo kwamba utaiwahi meli bandari inayofuata. Bandari hiyo mara nyingi iko nchi nyingine, utahitaji tiketi mpya za ndege na pasipoti mkononi kwa kila mmoja.

FastPass tunaiombea wapi? Na lile basi la bure la kutoka uwanja wa ndege hadi hoteli za Disney bado linapita kila saa? – Msomaji wa siku nyingi

Msomaji wa siku nyingi, lakini si wa siku za karibuni. FastPass, ile pasi ya bure ya kuruka foleni bustanini, ilizikwa rasmi 2021. Basi la bure lilikoma mwanzoni mwa 2022. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara aliyeuliza ametazama video ya zamani au kasimuliwa na shemeji aliyekwenda enzi hizo. Siku hizi kuruka foleni ni kwa pesa. Huduma hiyo inaitwa Lightning Lane, na bei hupanda siku za msongamano. Anayelala hoteli za Disney huweka nafasi siku saba kabla ya kufika, wengine siku tatu kabla. Ukilala nje ya hoteli zao, nafasi za asubuhi kwenye michezo inayogombaniwa zitakuwa zimeshachukuliwa na waliokutangulia. Sisemi ulale kwao. Nasema ujue unachokinunua.

Shikamoo. Viza zetu za Marekani ni za kuingia mara moja. Meli inaondoka Florida na kurudi palepale, inapita Bahamas tu, kwa hiyo hatuhesabiwi kuwa tumetoka. Niko sahihi? – Kijana wa kwanza safarini

Marahaba. Hauko sahihi, na ashukuriwe aliyekutuma uulize kabla.

Bahamas ni nchi yenye serikali yake. Meli ikikurudisha Port Canaveral unapita mbele ya afisa wa uhamiaji kama mtu anayeingia upya, na viza yako ya mara moja uliitumia uliposhuka kwenye ndege. Unahitaji viza ya kuingia mara nyingi. Viza ya Marekani pia haikufungulii visiwa vyote. Chukua ratiba ya meli, andika kila nchi inayotajwa, kisha ukague masharti ya kila moja kwa pasipoti uliyonayo. Kazi hiyo ifanye kabla ya kulipa amana. Kampuni ya meli haikurudishii nauli kwa sababu makaratasi yako hayakutimia, imeandikwa kwenye mkataba ambao wote tunabonyeza "nakubali" bila kuusoma.

Yale maneno kwamba "cheti cha kuzaliwa kinatosha" ni ya raia wa Marekani, na ni kwa safari zinazoanza na kuishia bandari moja ya nchi hiyo. Hata wao nawashauri wabebe pasipoti. Ukiachwa na meli Nassau, mji mkuu wa Bahamas, kwa cheti cha kuzaliwa huwezi kupanda ndege kurudi.

Hukuliuliza hili, lakini nitalisema: mzazi anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzake abebe barua ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili. Mara nyingi hakuna atakayeiomba. Siku ikiombwa na huna, utaikumbuka safu hii.

Mtoto wetu atakuwa na miezi mitano. – Wazazi wapya

Meli haimchukui. Kampuni nyingi zinaanzia miezi sita, na miezi kumi na miwili kwa safari ndefu za kuvuka bahari. Disney bustanini hawamtozi aliye chini ya miaka mitatu, lakini akifika kumi analipa kama mtu mzima, hata kama hajatimiza urefu wa kupanda nusu ya vitu. Na kwa mliojaza begi nepi za kuogelea: mtoto ambaye bado anavaa nepi haruhusiwi kwenye mabwawa ya kawaida ya meli zinazotoka Marekani, ni kanuni ya afya. Ulizeni kama meli ina sehemu ya maji ya watoto wadogo kabla hamjamwahidi chochote.

Bei za Septemba ziko chini sana kuliko za Julai. Kuna siri gani? – Mchumi

Siri ni upepo. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki unaanza 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni katikati ya Septemba. Watoto wa Marekani nao wamesharudi shule, ndiyo maana foleni pia ni fupi.

Mimi si adui wa Septemba, nimekwenda na nitakwenda tena. Lakini elewa unachokikubali. Meli haiingii kwenye kimbunga, inakikwepa. Kwa hiyo uliyelipia kisiwa fulani chenye mchanga mweupe unaweza kujikuta bandari nyingine kabisa, na mkataba unawaruhusu. Bandari ikifungwa, mnaweza kubaki baharini siku ya ziada, na ndege yako haina habari. Bustani hufungwa kwa nadra ila hufungwa: Disney walifunga kwa kimbunga Ian Septemba 2022 na kwa Milton Oktoba 2024.

Nunua bima ya safari, na uinunue mapema. Kimbunga kikishapewa jina, bima utakayonunua siku hiyo haitakilipia. Kuna mtu ataniandikia mwezi ujao kusema amenyimwa fidia kwa sababu hiyohiyo. Namsubiri.

Nimelipa nauli yote, kwa nini kwenye akaunti yangu ya meli kuna makato mengine kila siku? – Aliyekasirika

Ni bakshishi ya wahudumu. Kwa meli nyingi za huko ni kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu kwa kila usiku, na mtoto ni mtu. Familia ya wanne kwa usiku nne haipungui dola 256. Usiende kuifuta kwenye kaunta, ndiyo sehemu kubwa ya malipo ya yule anayekutandikia kitanda.

Mama mkwe anatumia kiti cha magurudumu. Atafurahia au tutamtesa? – Mkwe mwema

Atafurahia, mkipanga. Kabini zenye mlango mpana ni chache na huisha mapema, kwa hiyo pimeni upana wa kiti leo na mpige simu kabla ya kulipa. Njooni na kiti chenu, vile vya meli ni vya kupandia na kushukia tu. Angalieni pia bandari ambazo meli haifungi gatini. Kisiwa cha Grand Cayman, kwa mfano, abiria wanavushwa kwa boti ndogo, na bahari ikichafuka kidogo wenye viti hubaki melini. Bustanini vipo viti vya kukodi, anayewahi ndiye anayepata. Kwa Magic Kingdom, maegesho yako mbali na lango, mnavuka ziwa kwa kivuko au kuzunguka kwa treni ya reli moja. Mimi ningepanda kivuko, njia ya kupandia treni ina mwinuko wa kumtoa mtu jasho akisukuma.

Na je, yeye mwenyewe mmemuuliza? Barua yako ina kurasa mbili na mama hajasema neno.

Siku hizi meli zina hadi rolakosta, vile vigari vya reli vinavyopanda na kuporomoka kwa kasi. Tukipanda hizo, bado tunahitaji bustani? – Mvivu wa mizigo

Pengine hamhitaji. Mardi Gras, inayotokea Port Canaveral tangu 2021, ndiyo meli ya kwanza kuwa na rolakosta, na kuipanda kunalipiwa pembeni. Star of the Seas iliyoanza 2025 ina bustani ya maji juu kabisa. Mwenye watoto chini ya miaka saba na siku tano mkononi, meli moja kubwa inamtosha na anarudi nyumbani akiwa bado anaongea na mwenzi wake. Mwenye kijana wa miaka 13 asijaribu. Rolakosta ya VelociCoaster iliyoko Universal inataka urefu wa sentimita 130, naye ameshajipima mlangoni tangu mwaka jana.

Simu itafanya kazi baharini?

Itafanya, na bili itakutoa machozi. Izime mtandao kabla hamjaacha gati, tumia intaneti ya meli. Na ufuate saa ya meli, si ya simu.

Ni kweli mabegi yanawekwa nje ya mlango usiku wa mwisho? – Mwenye wasiwasi

Kweli. Yanachukuliwa usiku, unayakuta ukumbini bandarini asubuhi. Bakiza kibegi cha dawa, pasipoti na nguo za kuvaa kesho, mpaka viatu. Nilimwona baba mmoja akishuka melini na fulana ya kulalia na soksi, pasipoti tano mkononi, anatembea kwa heshima zote. Viatu vyake vilikuwa vimemtangulia.