Jina la baba kwanza, bei baadaye

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: mtu wa huku anayekwenda Urusi kikazi ajihadhari na kosa gani la adabu? Najua wengi watataja vodka. Mimi nataja jina, na baada ya jina, karatasi.

Mrusi ana majina matatu: lake, la baba na la ukoo. La baba huitwa otchestvo. Baba akiwa Nikolai, mtoto wa kiume ni Nikolaevich, wa kike Nikolaevna. Mtu wa heshima huitwa kwa jina lake likifuatwa na la baba, basi: Sergei Nikolaevich, Elena Nikolaevna. Kwenye nyaraka ukoo hutangulia, ndiyo maana wageni huishia kumwita mtu kwa ukoo wakidhani ndilo jina lake. Kadi ya biashara upande wa Kiingereza mara nyingi haina otchestvo. Mpigie katibu muhtasi siku moja kabla umuulize, hakuna atakayekushangaa. Mtanzania asione taabu hapa, maana jina letu la kati kwa kawaida nalo ni la baba, ila sisi hatuitani nalo.

Pamoja na jina kuna vy na ty. Vy ni "ninyi" ya heshima, hata kwa mtu mmoja; ty ni "wewe" ya waliozoeana. Kuiruka ni kama kumpita mzee bila shikamoo. Mkubwa ndiye anayesema tuhamie ty, na vivyo hivyo usimwite Aleksandr kwa kifupi chake, "Sasha", kabla hajakuruhusu. Katika kampuni za vijana wa kompyuta otchestvo hutupwa siku ya kwanza, lakini vy hubaki mpaka waambiane.

Majengo mengi ya ofisi yanataka propusk, kibali cha kuingia. Tuma jina lako jana yake kama lilivyo kwenye pasipoti, na uje na pasipoti yenyewe, si nakala. Herufi zikitofautiana mlinzi atakuweka hapo mpaka mwenyeji wako ashuke. Koti la baridi liache garderob, chumba cha kutunzia makoti. Kuingia nalo kikaoni ni kama kusema unaondoka sasa hivi. Mkono hautolewi juu ya kizingiti, glavu huvuliwa, na mwanamke ndiye anayeanza kutoa wake. Mkishapeana mikono asubuhi, mchana hamrudii. Hili ndilo linalotushinda sisi.

Saa za Moscow ni sawa na za Nairobi na Dar es Salaam mwaka mzima, tangu Oktoba 2014. Mtego uko kwenye nusu: "poldesyatogo", yaani nusu ya ile saa ya kumi, ni 9:30, kwetu saa tatu na nusu asubuhi. Aliyeelewa 10:30 amechelewa saa nzima. Andikianeni tarakimu.

Sasa karatasi. Wakikataa vifungu vya mkataba, usitarajie simu ya kubembelezana. Utaletewa protokol raznoglasiy, jedwali la tofauti: safu moja ina kifungu kilivyo, ya pili wanavyotaka kisomeke. Mgeni hukasirika akidhani biashara imekufa, kumbe ndiyo kwanza mkataba unasomwa. Jibu kwa jedwali lilelile, kifungu kwa kifungu, ukiongeza safu yako.

Wakati wa sahihi, mkurugenzi mkuu husaini kwa mujibu wa ustav, katiba ya kampuni. Mwingine yeyote, hata naibu wake, awe na doverennost, hati ya uwakilishi. Omba nakala, uangalie inaisha lini na kama inagusa mkataba wa aina hiyo. Muhuri umeacha kuwa lazima kisheria kwa kampuni nyingi tangu 2015, lakini wahasibu bado wanapenda kuliona lile duara la buluu. Kisha kuna akt, hati ya kukiri kwamba kazi imepokelewa: nakala mbili, sahihi za pande zote mbili. Wageni hutuma ankara na kusubiri, wakati mhasibu anasubiri akt. Weka ndani ya mkataba isainiwe kwa siku ngapi, na itakuwaje wakinyamaza.

Njia ya kupitisha malipo iulize benki yako kabla ya kusaini. Kwa matumizi yako beba fedha taslimu, kwani kadi za Visa na Mastercard za nje hazifanyi kazi kule tangu Machi 2022.

Mezani, maua yawe witiri. Shufwa ni ya msiba. "Na zdorovye" hujibu shukrani ya chakula, haiinulii glasi. Sema "za vstrechu", kwa kukutana kwetu. Asiyekunywa aseme mara moja, kabla hajamiminiwa. Urusi ina mamilioni ya Waislamu, sababu hiyo inaeleweka. Kinachoudhi ni kukubali glasi ya kwanza kisha kubuni ugonjwa kwenye ya pili.

Na msipange safari kati ya 1 na 8 Januari, wala karibu na 1 au 9 Mei. Ni sikukuu, mtakuta walinzi tu.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam